Nslookup inaliona jina, ping hailioni

SWALI: Salamu, mwalimu. Seva yetu ya hesabu inaitwa hesabu.local. Nikiandika nslookup hesabu.local, anwani 10.0.0.12 inakuja papo hapo. Nikiandika ping hesabu.local, naambiwa jina halijulikani. Nimebadilisha waya, nimewasha kompyuta upya, wapi! Ndani ya /etc/nsswitch.conf, faili ya Linux inayopanga mahali pa kutafutia majina, nimekuta mstari huu:

hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns

Je, DNS yetu (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) imeharibika?
Msomaji, msimamizi wa kompyuta za ofisi

JIBU: Ndugu yangu, DNS yenu ni nzima, wala waya hauna kosa. Tatizo liko kwenye huo mstari ulioninakilia.

Husomwa kuanzia kushoto. Ping, kama zilivyo programu nyingi, hutafuta jina kupitia maktaba ya C (kwa kawaida glibc), yaani msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja, nayo hufuata mpangilio huo: kwanza files, yaani /etc/hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, kisha mdns4_minimal, ambayo majina yanayoishia .local huyaulizia kwa kupaza sauti kwenye mtandao wa karibu (njia hiyo ndiyo mDNS). Dns ni ya mwisho. Sasa tazama mabano ya mraba. Yanaagiza hivi: aliyetangulia akisema jina hakulipata, ishia hapo. Seva yenu haiitikii wito wa mDNS, basi zamu ya dns haifiki kamwe.

Nslookup haiusomi mstari huo hata kidogo. Huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wasiitegemee kupimia tatizo la aina hii. Tumieni amri ya getent hosts hesabu.local, kwani hupita njia ile ile ya maktaba.

Kwa leo, weka nakala ya faili, kisha uandike:

hosts: files dns mdns4_minimal

Printa zinazojitangaza kwa mDNS zitaendelea kupatikana. Huna haja ya kuwasha kompyuta upya, ila kwenye glibc ya kabla ya 2.33, programu zilizokuwa zikifanya kazi zifungwe na kufunguliwa tena.

Lakini ninachokusisitizia zaidi ni kubadilisha jina lenyewe. RFC 6762, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 2013, ilitenga .local kwa ajili ya mDNS, na kila kompyuta mpya mtakayoileta inaweza kuwarudisha hapa. Tumieni tawi la kikoa mlichokisajili. Na tafadhali, usiende kuandika anwani hiyo kwenye /etc/hosts ya kila mashine: files hutangulia, kwa hiyo seva ikihamia anwani nyingine, zote zitaendelea kuitafuta kule ilikotoka.