Kuchemsha maji hakuondoi floraidi: jibu kwa aliyehamia Nakuru

Zima jiko hilo, dada. Umeandika kwamba umehamia Nakuru na mtoto wa miaka mitatu, kwamba maji ya kisima cha ploti yenu yana floraidi, ile inayotia meno ya watoto madoa ikizidi, na kwamba utayachemsha nusu saa nzima kwa sababu klorini hutoka ikichemshwa na florini ni ndugu yake katika kundi moja la elementi. Umeuliza pia kuhusu tangi, kufulia nguo na bei ya chujio. Mimi nimekwama kwenye hiyo nusu saa, kwa maana niliwahi kuiamini hoja hiyo neno kwa neno, nikailipia kwa makaa ya miaka minne na kwa meno ya mwanangu.

Nilitoka Kisumu, ambako kuchemsha maji ndiyo sheria ya kwanza ya jikoni kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Nilipofika Nakuru, muuza maji mmoja wa mkokoteni alinihakikishia kwamba moto unatosha, akaongeza hoja ya udugu wa klorini na florini kwa sauti ya profesa, nami niliyefaulu kemia kidato cha nne (msinicheke) nikatikisa kichwa. Kila jioni niliteleka sufuria ya lita 5. Chini palibaki utando mweupe, nikawa naukwangua kwa kijiko na kumwonyesha mke wangu: floraidi hiyo, imetoka. Haikuwa floraidi hata kidogo. Utando wa namna hiyo kwa kawaida ni kaboneti, ule ule unaoganda ndani ya birika lolote. Floraidi ilikuwa bado imo majini, tena imekolea. Tuseme maji yana miligramu 4 kwa lita; ukichemsha lita 5 hadi zibaki 4, unamnywesha mtoto miligramu 5 kwa lita, ilhali kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Kosa langu lilikuwa kusoma jina la elementi bila kuuliza elektroni zake za nje, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, ziko wapi. Atomu ya florini ina elektroni 9: mbili ndani, saba katika ganda la nje. Imepungukiwa na moja tu ili ganda lijae, na hakuna elementi inayovuta elektroni za kifungo kwa nguvu kuizidi. Huko ardhini kwenye miamba ya Bonde la Ufa ilikwisha kuipata hiyo moja zamani sana, ikawa ayoni, yaani atomu iliyobeba chaji, hapa chaji hasi; hiyo ndiyo floraidi, ganda limejaa, haitafuti mtu. Ikiingia majini, molekuli za maji huizunguka zikiigeuzia upande wa hidrojeni, wenye chaji chanya kidogo. Moto wa jikoni huachanisha molekuli za maji zikapaa kama mvuke. Ayoni haiendi popote. Klorini ya kuulia vijidudu ni hadithi nyingine: bado inaisaka elektroni, ndiyo maana ni kali, na gesi yake, ambamo atomu mbili hushirikiana jozi moja ya elektroni, haina chaji ya kuifunga majini, kwa hiyo hupaa. Lakini klorini hiyo hiyo ikishapata elektroni yake huwa kloraidi, ile ya chumvi ya mezani. Je, umewahi kuchemsha mchuzi uliozidi chumvi ukapungua chumvi?

Mkemia Mfaransa Henri Moissan alihitaji umeme ili kuinyang'anya floraidi elektroni yake na kupata florini huru mwaka 1886, na yule bwana wa mkokoteni alidhani jiko langu la makaa linaweza. Laiti lingeweza, gesi hiyo ingetufukuza jikoni sote, yeye na punda wake wakiwemo. Hata matone ya klorini aliyoniuzia baadaye hayakuwa na la kufanya, kwa sababu klorini haina nguvu ya kuipokonya floraidi kitu.

Mwanangu alipofika miaka saba, meno ya mbele ya kudumu yalichomoza yakiwa na madoa ya kahawia. Meno hayo huumbika ndani ya ufizi katika miaka ile ile tunayowanywesha maji bila kupima, na yakishatoka na madoa, hakuna mswaki unaoyarudisha. Wa kwako ana miaka mitatu. Ndiyo sababu ninaandika kwa ukali.

Kinachofanya kazi ni chujio la makaa ya mifupa, ambayo Nakuru yanajulikana. Ndani ya mfupa kuna kalsiamu iliyotoa elektroni zake mbili za nje ikawa na chaji chanya, imeshikana na fosfeti na haidroksidi. Floraidi, yenye chaji moja hasi na ukubwa unaokaribiana na wa haidroksidi, huchukua nafasi ya haidroksidi hiyo na kubaki humo. Makaa hayo hujaa, hivyo ni lazima yabadilishwe. Kabla ya kununua chochote, peleka sampuli maabara katika chupa ya plastiki, si ya kioo, maana floraidi inaweza kushikamana na kioo. Hadi majibu yatoke, mpe mtoto maji ya mvua, na hayo yachemshe upendavyo, kwa kuwa shida ya maji ya paa ni vijidudu, na hapo jiko lina kazi.