Swali la lugha: Chombo cha Wamaya tukiiteje?

SWALI: Tunatafsiri maelezo ya maonyesho ya vyombo vya Wamaya wa kale wa Guatemala na Meksiko. Mwenzangu ameandika "vasi za kauri zilizopakwa rangi", mimi "mitungi iliyochorwa". Nani kapatia?

JIBU: Kitenzi chako kinafaa. Majina ya chombo, yako na yake, hayafai.

Mtungi una tumbo na shingo, nao ni wa maji. Vyombo mnavyovieleza, vya kati ya mwaka 250 na 900, vingi vimesimama wima kama bilauri, mdomo na kitako karibu upana mmoja. Bilauri nayo ni ya kioo. Vasi humpeleka msomaji kwenye maua, na humo hapakuwa na maua. Mara nyingi palikuwa na kakao, na chombo chenyewe kinatamka kazi yake: maandishi yanayozunguka chini kidogo ya mdomo hutaja yuk'ib. Uk' ni kunywa, -ib huonyesha kifaa, y- humtaja mwenye chombo. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kunyambua kitenzi: kunywa, kunywea. Basi andikeni "chombo cha kunywea", au "kikombe kirefu cha udongo". Sahani zina jina lake, lak, kwa hiyo msizichanganye humo. Tena msiliache neno "chombo" peke yake kwenye kichwa cha habari. Mtu wa pwani ataona jahazi.

Kauri iondoeni kabisa. Msomaji ataona kikombe cheupe cha chai chenye mng'ao wa kioo. Hivi ni vya udongo uliofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na havikutiwa kioo juu. Mng'ao wake umetokana na kusuguliwa.

Kupaka rangi ni kwa ukuta, rangi moja eneo zima. Mchoraji wa Kimaya alishika brashi nyembamba, akachovya udongo wa rangi uliolainishwa kwa maji, akachora mstari kwa mstari kabla chombo hakijachomwa. Huko ni kuchora. "Kutia nakshi" kuwekeni akiba kwa vile vilivyochongwa, maana navyo vipo. Mkikuta neno tz'ib ndani ya maandishi yenyewe, msichague upande: kwa Wamaya kuandika na kuchora vilikuwa neno moja, kwa hiyo andikeni yote mawili.

Kosa jingine ninaloliona sana ni la mnyama. Kwenye chombo maarufu kilichoko Princeton, Marekani, mwanamke anamimina kakao kutoka juu ili itoe povu, na chini ya kiti cha mungu mzee sungura ameinama anaandika kitabu. Jalada la kitabu hicho ni ngozi ya jagwa, paka mkubwa wa Amerika mwenye madoa. Watafsiri huandika "chui", na chui hayupo Amerika.

Mwisho, andikeni "lugha za Kimaya", kwa wingi, na kwa wakati uliopo. Ni nyingi, na mamilioni ya watu wanazisema leo Guatemala na Meksiko.