Wingu la majivu juu ya Tororo

Ninyi mnaojiunga na kikundi chetu cha kutazama nyota hapa Tororo, Uganda, mwaka huu, usiku wa kwanza mtavunjika moyo, afadhali niwaambie mapema. Mtainama kwenye darubini mkitarajia rangi za waridi na zambarau mlizoziona kwenye simu. Mtakachokiona katika Nebula ya Jabari, lile wingu la angani lililo katika kundi la nyota la Jabari (Orion), ni doa la rangi ya majivu, kama moshi wa jiko la mkaa uliogoma kuondoka. Darubini haina kosa. Gizani jicho halipambanui rangi vizuri, ilhali kamera hukaa ikikusanya mwanga. Henry Draper, aliyeipiga nebula hii picha ya kwanza mwaka 1880, aliiacha kamera wazi kwa dakika 51.

Simu zifungeni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawasha tochi kila mara kutazama ramani, nikarudi nyumbani nikiapa kwamba nebula ni hadithi tu. Jicho linahitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na taa ya bodaboda moja ikikatiza barabarani unaanza upya. Tochi ifunge kitambaa chekundu. Tena usilikodolee doa lenyewe. Tazama pembeni yake kidogo nalo litakolea, maana sehemu ya pembeni ya jicho ndiyo hodari kwa mwanga hafifu.

Darubini ndogo ya macho mawili, hata ya mtumba, inatosha kuanzia. Januari, mvua zikishakatika, Jabari huwa karibu na utosi saa nne usiku: tafuta nyota tatu za mkanda wake, kisha doa liko kwenye upanga unaoning'inia hapo. Sisi wa jirani na Ikweta tuna bahati. Mwenye subira hadi saa nane ataiona pia Nebula ya Carina upande wa kusini, ambayo mtu wa London haimchomozei maisha yake yote.

Halafu kuna swali ambalo kila mgeni huniuliza: hilo wingu ni kitu gani? William Herschel, mwanaastronomia wa karne ya 18, alijenga darubini kubwa kuliko za wenzake wote, na kwa miaka mingi alidhani ni makundi ya nyota zilizo mbali mno. Mwaka 1790 aliona nyota moja imezungukwa na ukungu, akabadili mawazo. Lakini ukubwa wa darubini haukumaliza ubishi. Aliyeumaliza ni William Huggins, Mwingereza, mwaka 1864, kwa prizimu, kioo kinachoupasua mwanga kuwa rangi zake, ndugu ya ile mliyoichezea maabara ya sekondari. Aliuelekeza mwanga wa nebula moja humo. Ingekuwa nyota, angeona upinde wa mvua. Aliona mistari michache tu, mkali kuliko yote ukiwa wa kijani. Gesi inayong'aa ndiyo hutoa mistari ya namna hiyo. Ni gesi!

Mstari huo wa kijani ulitesa watu zaidi ya miaka 60. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, wakadhani ni elementi mpya, wakaizulia jina, nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen, mwanafizikia Mmarekani, akaonyesha kuwa ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyepesi kiasi kwamba maabara zilishindwa kuiiga. Kisa hiki nakipenda kuliko picha zote.

Kila usiku chora ulichokiona kabla hujafungua picha ya mtu mwingine. Njoo na sweta na penseli. Kalamu ya wino huchafua karatasi umande ukianguka.