Vijana wa kambi, Eliud hakuanza na marathoni

Jana kwa zile kilomita 30 za Alhamisi kijana mmoja mgeni, hajamaliza hata miezi mitatu hapa, alikaa mbele tangu kilomita ya 5 akisukuma pesi, yaani kasi ya kundi, utadhani kuna dola zinangoja pale mlimani. Leo asubuhi anatembea kama amekanyaga miiba. Namuuliza, ananijibu niko sawa mzee. Hauko sawa, na mimi nalijua hilo jibu vizuri sana. Kwa hivyo wote mkae chini msome.

1. Huku kambini Kaptagat kila mtu anamtaja Eliud Kipchoge, mnavaa viatu kama vyake na ile marathoni yake ya 1:59:40 ya Vienna mnaikariri usingizini, lakini hamtaji miaka kumi ya kabla ya marathoni. Jamaa alishinda mita 5000 za mashindano ya dunia Paris 2003 akiwa na miaka 18, majabali wa mbio El Guerrouj na Bekele wakiwa nyuma yake, akachukua shaba ya Olimpiki Athens 2004, fedha Beijing 2008, halafu 2012 akakosa timu ya London kabisa. Marathoni ya kwanza ni Hamburg 2013, 2:05:30. Hesabuni wenyewe. Nyinyi mkikosa mbio moja mnatafuta meneja mwingine.

2. Nunua daftari uandike kila zoezi, Eliud anaandika tangu 2003.

3. Usifiche maumivu. Mwaka wangu wa pili wa mbio za barabara mama aliuza mtamba nipate pasipoti na nauli, nikapata marathoni ya kwanza nje. Wiki nne kabla, kano ya kisigino ikaanza, nikiamka natembea kwa vidole mpaka ipate joto, nikanyamaza. Nilikuwa naamka saa kumi usiku naikanda na maji moto gizani wenzangu wasione, halafu natoka nao kama kawaida. Kochi akiuliza mko sawa, wa kwanza kujibu ni mimi. Na vile niliogopa kuonekana mgonjwa nikazidisha, Jumanne trakini namaliza mbele, fatleki, ile ya kubadilisha kasi, mbele, watu wananisifu na mimi tayari nawaona ng'ombe watatu kwa boma letu. Siku ya mbio pumzi ilikuwepo, miguu myepesi, kufika kilomita ya 23 kitu kikalia ndani ya kisigino, paa, nikakaa kando ya barabara kwa nchi ambayo sijui hata kusema maji kwa lugha yao, mama mmoja akanifunika koti lake. Meneja hakupiga simu tena. Miezi 14 sikukimbia na niliporudi sikuwa yule. Kochi aliniambia maneno machache tu, ungesema wiki ya kwanza ningekupumzisha siku kumi. Siku kumi! Mama mpaka leo hajawahi kuniuliza kuhusu ule mtamba, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko kisigino.

4. Sikiliza kochi mmoja. Eliud amekaa na kochi wake Patrick Sang zaidi ya miaka 20, na Sang mwenyewe ana fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992, ile ya kuruka viunzi na maji. Wewe una programu tatu kwa simu na unazichanganya.

5. Zamu ya choo ni ya kila mtu, hata Eliud, bingwa wa Olimpiki, ameviosha vyoo.

6. Marathoni ya Olimpiki Paris 2024, Eliud ana miaka 39, mgongo ukamshika. Mtu aliyekimbia 2:01:09 Berlin akasimama, akatembea, akawapa mashabiki viatu na soksi. Wengi wenu mlisema amekwisha. Mimi nilitoka nje ya ile chumba ya TV nikakaa peke yangu mpaka nikatulia, maana nilikuwa naona kilomita ya 23 yangu na wiki nne zote kabla yake.

Sasa wewe wa jana, kesho usitoke na kundi. Njoo kwangu saa mbili na huo mguu, twende pamoja kwa kochi, mimi ndio nitaanza kuongea.