Maswali na Majibu ya Wafumaji: Sweta Lililozidi Mwili, Sindano za Namba 8 na Uzi wa Mitumba

Nimemfumia mume wangu sweta kwa maelekezo ya kifua cha sentimita 96. Vitanzi ni 212, nimehesabu mara mbili. Limetoka kubwa mpaka anaweza kuvaa koti ndani yake. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kabale)

Hesabu yako ni sawa. Tatizo ni upana wa kila kitanzi. Maelekezo yanayotoa vitanzi 212 kwa sentimita 96 yanachukulia kwamba sentimita 10 za kazi yako zina vitanzi 22. Mkono wako ukiwa mlegevu kidogo ukapata vitanzi 20, vile vile 212 vinafika sentimita 106. Vitanzi viwili vimekuongezea sentimita 10 kifuani. Hata tofauti ya nusu kitanzi ni zaidi ya sentimita 2 kwenye sweta la mtu mzima, ndiyo maana tunawasihi wasomaji wasiruke kipande cha majaribio hata uzi ukiwa kidogo. Uzi huo haupotei, unaufumua.

Weka vitanzi 32, fuma mistari 40 kwa mtindo ule ule wa sweta, kisha funga. Kioshe kama utakavyoliosha sweta, kilaze kikauke, ndipo upime. Kupima kabla ya kuosha ni kujidanganya, kwa sababu sufu nyingi hulegea zikilowa na pamba nyingine hurudi. Tumia rula, si futi ya fundi cherehani ambayo huvutika kwa uzee. Pima katikati, mbali na kingo, na uhesabu hata nusu kitanzi. Ukipata vitanzi pungufu ya vile vya maelekezo, shuka kwenye sindano nyembamba zaidi kwa nusu milimita na ujaribu tena. Ukipata vingi, panda. Usijilazimishe kukaza mkono: utakaza mistari kumi, halafu utasahau.

Kwa sweta lililokwisha kufumwa, usijaribu kulisinyaza kwa maji ya moto. Kubana kila ubavu kwa sentimita 5 nako kunaacha uvimbe kwapani. Kama yupo ndugu mwenye kifua cha sentimita 100 hivi, limpate yeye. La sivyo, fungua mishono, fumua kila kipande kuanzia juu ulikomalizia, osha uzi, anza upya na vitanzi 192.

Mama mkwe amenipa sindano zake za zamani za namba 8. Maelekezo niliyoyapata yanataka namba 8. Kazi inatoka ngumu na haifiki kipimo. (Jinja)

Sindano za mama mkwe karibu hakika ni za namba za Kiingereza, na maelekezo ni ya Marekani. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5. Namba hizi zinakwenda kinyume: za Kiingereza zikipanda sindano inapungua unene (namba 10 ni milimita 3.25, namba 12 ni 2.75, namba 14 ni 2), na za Marekani zikipanda sindano inanenepa (namba 6 ni milimita 4, namba 10 ni 6). Siku hizi andika na usome milimita peke yake, uyaache mengine.

Kama sindano haina maandishi, mwombe fundi seremala akutobolee kipande cha mbao matundu ya milimita 3, 4, 5 na 6. Tundu dogo kabisa ambalo sindano inapita bila kusukumwa ndilo linalokuambia unene wake.

Wanaofumia spoku za baiskeli nao wajue wanachoshika: spoku ya kawaida ni milimita 2. Inafaa kwa uzi mwembamba wa pamba. Ukiipa uzi wa unene wa kati, ule unaotaka sindano ya milimita 4, vitanzi vinabana, nguo inakakamaa na vidole vinauma. Ncha iliyokatwa isuguliwe kwa msasa mpaka iwe butu na laini, na spoku ipanguswe kila siku, kwa maana alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki kwa sabuni.

Uzi mpya wa sufu ni ghali. Je, masweta ya mitumba ya soko la Owino yanaweza kufumuliwa? Nimejaribu moja nikabaki na vipande vya urefu wa mkono. (Kampala)

Yanafumulika, na kwa sufu halisi ni njia nzuri kuliko zote tulizo nazo, kwa kuwa kondoo wengi wa Uganda ni wa nywele fupi wasiotoa sufu ya kusokota. Ila sweta huchaguliwa kwa ndani. Ligeuze uutazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache hapo hapo: kitambaa kilifumwa kikiwa kipana, kikakatwa kwa mkasi, kwa hiyo kila mstari umekatika pembeni. Hilo ndilo lililokupata. Unalolitaka ni lile ambalo kila kipande kina ukingo wake mzima, na mshono ni mnyororo mmoja wa uzi unaounganisha kingo mbili.

Pili, jua ni uzi gani. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mfupi kwenye mshono, uushike kwa koleo juu ya sahani na uuwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na majivu yake hupondeka kwa kidole. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Uzi uliochanganywa utakupa dalili zilizochanganyika. Bila shaka utalifanya jaribio hili baada ya kununua, kwa hiyo sokoni tegemea jicho na mkono: likunjue, lielekeze kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo, kisha vuta vitanzi kwa kucha. Visipoachana, sweta limeganda kwa kuoshwa vibaya na halitafumuka kamwe.

Nyumbani, kata uzi wa mshono tu, taratibu, ukianza na mikono, kisha ukosi, mabega na mbavu. Kila kipande fumua kuanzia juu, pale kilipomalizikia. Ukianza chini utahangaika na kila mstari. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti unapofumua, halafu funga fundo legevu sehemu nne kuzunguka bunda kabla ya kulitoa. Lizamishe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 30 bila kusugua, suuza kwa maji ya joto lile lile, kamua kwa taulo. Litundike kivulini na kitu chepesi chini, kijiko kwa mfano, mpaka mikunjo inyooke. Mzigo mzito huuvuta uzi, na nguo yako ikioshwa mara ya kwanza itarudi ndogo.

Uzi wa masweta ya mashine kwa kawaida ni mwembamba. Unganisha nyuzi mbili au tatu pamoja mpaka zilingane na sindano yako, na kipande cha majaribio hapa hakina mjadala. Sweta moja la mwanamume mnene hutosha la mtoto na kofia juu yake.

Skafu yangu inajikunja kingo na kuwa bomba. Nimeipiga pasi, imerudi vile vile. (Masaka)

Umefuma upande mmoja vitanzi vya mbele mstari mzima na upande wa pili vya nyuma mstari mzima. Kitambaa cha namna hiyo hujikunja kwa umbile lake: kingo za pembeni huelekea nyuma, za juu na chini huelekea mbele. Pasi haiwezi kulibadilisha hilo. Dawa ni kuweka vitanzi 5 kila upande vinavyofumwa vya mbele katika mistari yote, na mistari 6 ya namna hiyo mwanzoni na mwishoni. Au fuma skafu nzima kwa mbavu, viwili mbele na viwili nyuma.

Na tafadhali, pasi ya mkaa isiiguse akriliki. Haina kipimo cha joto, na uzi ukishalainika hunyooka, hung'aa na kulegea, wala haurudi.

Nataka kufumia wodi ya wazazi kofia za watoto wachanga. Vitanzi vingapi? (Gulu)

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa kati ya sentimita 33 na 37, na kofia iwe ndogo kidogo ili ishike. Kwa uzi wa unene wa kati, sindano za milimita 4 na vitanzi 22 kwa sentimita 10, weka vitanzi 74: 72 vya kofia na kimoja kila pembeni cha kumezwa na mshono. Fuma mbavu za viwili mbele, viwili nyuma, ukianza na kumaliza kwa viwili mbele, hadi sentimita 4. Endelea bila mbavu mpaka kazi ifike sentimita 9 kwa jumla.

Sasa punguza, upande wa mbele wa kazi peke yake: kitanzi cha pembeni, kisha mara nane fuma 7 na uunganishe 2, kisha kitanzi cha pembeni. Rudi na mstari wa nyuma bila kupunguza. Safari inayofuata fuma 6 na uunganishe 2, halafu 5, halafu 4, hivyo hivyo mpaka vibaki vitanzi 10. Kata uzi wenye urefu wa sentimita 40, upitishe ndani ya vyote 10, kaza, ushone ubavu kwa uzi huo huo. Gramu 25 zinatosha. Kwa mtoto njiti weka vitanzi 58, na kupunguza kuanze kwa kufuma 5 na kuunganisha 2.

Usiweke kamba, vifungo wala kishada juu. Ncha za uzi zifichwe ndani ya mshono kwa sentimita 5 au zaidi, kwa sababu uzi uliolegea huzunguka kidole cha mtoto na kukata damu bila mtu kuona. Osha kofia zote kabla ya kupeleka. Mtoto akishafika nyumbani, katika joto la mchana, avuliwe kofia anapolala: watoto wachanga hupoza mwili kupitia kichwani.

Kitanzi kimeponyoka na kushuka mistari kumi na zaidi. Je, nifumue yote? (Mbale)

Hapana. Kichome pini ya nguo haraka kisiendelee kushuka, usivute kazi. Geuza upande wa mbele ukutazame. Juu ya kitanzi utaona vijiti vya uzi vimelala kama ngazi. Chukua sindano ya kroshia ya milimita 3 hivi, ipitishe kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, nasa kijiti cha chini kabisa, kivute kitoke mbele. Panda hivyo kijiti kwa kijiti bila kuruka, ukirudishe kitanzi cha mwisho kwenye sindano ya kushoto. Kwenye mbavu, kama kilichoponyoka ni kitanzi cha nyuma, geuza kazi ukipandishe kutoka upande wa pili.

Safu hiyo itaonekana imebana au imelegea kidogo. Vuta majirani zake kwa ncha ya sindano, kisha osha. Mara nyingi haionekani tena.

Mgongo wa sweta una mstari ambapo rangi imebadilika, ingawa nilinunua bluu ile ile. (Fort Portal)

Rangi ni ile ile, mkupuo wa kutiwa rangi si ule ule. Lebo huwa na namba mbili, ya rangi na ya mkupuo, na zote mbili lazima zilingane katika madonge yote. Nunua yote siku moja: sweta la mtu mzima wa wastani hula gramu 450 hadi 550 za akriliki ya unene wa kati, la mtoto wa miaka sita gramu 200 hadi 250. Madonge yasiyo na lebo yalinganishe nje ya duka, kwenye mwanga wa jua.

Kama huna budi kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge hili na miwili kwa lile, tangu mwanzo. Kwako ambaye mgongo umekwisha, fumua mpaka mistari 20 chini ya mpaka wa rangi na uchanganye kuanzia hapo, au tumia donge geni kwenye mikono yote miwili, ambako macho hayalinganishi sana.

Nondo wamekula sweta la sufu sandukuni. Vidonge vya naftalini vinasaidia? (Mbarara)

Anayekula ni kiwavi, si nondo mwenyewe, na hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili. Kwa hiyo sweta lioshwe kabla ya kuhifadhiwa, hata kama limevaliwa mara moja, likauke kabisa, liingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Lililoshambuliwa likae ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, likiwa kwenye mfuko. Kung'uta na kupiga mswaki sanduku zima, hasa pembe zake, ni lazima. Akriliki na pamba nondo hawazitaki.

Naftalini inaua viwavi ndani ya chombo kilichofungwa tu. Lakini nguo na blanketi za watoto wachanga zisikae nayo hata siku moja. Mvuke wake huvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, na mzazi huwa hajui mpaka mtoto ageuke manjano. Kuosha na kuanika juani havitoshi kuiondoa kwa uhakika. Kama sweta la mtoto limeshakaa na vidonge hivyo, mfumie jingine.