Mwenye shahada ya juu ndiye mwalimu bora wa Kiingereza?

SWALI: Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari. Nina nafasi moja ya mwalimu wa Kiingereza na waombaji wawili. Mmoja ana shahada ya uzamili lakini hajawahi kufundisha. Mwingine ana stashahada ya ualimu na miaka minne darasani. Nimchukue nani ili ufaulu upande?

JIBU: Vyeti peke yake havitakuamulia. Utafiti wa Rivkin, Hanushek na Kain uliochapishwa 2005, kwa takwimu za shule za Texas, Marekani, haukuona kwamba shahada ya uzamili humfanya mwalimu afundishe vizuri zaidi. Uliona walimu wakipishana sana kwa uwezo, na walio wapya wakiwa dhaifu zaidi, hasa mwaka wa kwanza.

Angalia pia shahada hiyo ni ya nini. Mtu anaweza kubobea katika fasihi bila kufundishwa namna ya kufundisha nyakati za vitenzi. Lakini asiyekimudu Kiingereza naye hafai, maana makosa yake yatanakiliwa madaftarini na kukaririwa. Kwa sekondari, mimi nisingeshuka chini ya kiwango cha B2 katika CEFR, mfumo wa Ulaya wa kupima umilisi wa lugha kwa ngazi sita kuanzia A1 hadi C2; B2 ni ya nne.

Wapime kwa kazi yenyewe. Chukua insha ya mwanafunzi ya maneno kama 150, ficha jina, wape dakika 20 waisahihishe, kisha uliza: kesho utaanza kufundisha nini? Tuseme mwanafunzi kaandika: "Yesterday he go to the market and buyed two shirt." Mwalimu dhaifu atajaza wino mwekundu na kuweka alama. Anayeijua kazi ataona kwamba "buyed" ni dalili ya maendeleo: mtoto ameshaishika kanuni ya -ed, ila anaipeleka hata isipotakiwa. "Go" inaonyesha bado hajazoea kubadili kitenzi kwa wakati uliopita. Basi atachagua wakati uliopita, na "two shirt" ataiacha kwa siku nyingine.

Halafu kila mmoja afundishe dakika 30, mada aipate asubuhi ileile asije na somo la kukariri. Kaa nyuma na saa, uhesabu dakika ambazo wanafunzi wenyewe wanazungumza au kuandika Kiingereza.

Akishinda yule mgeni wa kazi, mpunguzie vipindi muhula wa kwanza na umpe mwenzake mzoefu wa kuandaa naye masomo. Yeyote utakayemwajiri, wape wanafunzi wake jaribio mwanzoni, na jingine la uzito uleule mwishoni mwa muhula. Ukitazama matokeo ya mwisho tu, utampongeza aliyepewa darasa lililokuwa zuri tangu awali.