Jibu: Mtoto wa miaka 3 anayeacha kila mchezo

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini binti yako wa miaka 3 huinuka mara tu anapoketishwa mbele ya picha ya kuunganisha yenye vipande 48, ilhali kaka yake wa miaka 6 huimaliza. Kabla hujanunua kitu kingine, punguza vipande: wengi wa umri huo humudu kati ya 4 na 12, kwa hiyo huenda anachokikimbia ni ugumu, si mchezo.

Mimi humpa mwanangu maji kidogo, vikombe viwili na kijiko, kisha huketi karibu nikiutazama mkono wake. Akianza kumwaga makusudi, najua kazi imekuwa rahisi mno, nami humletea chupa yenye mdomo mwembamba. Akinitazama mimi badala ya kikombe, imemshinda. (Kwenye maji usimwache peke yake hata kidogo.)

Shanga na gololi ziondoe kwanza, kwani zinaweza kumkaba. Muda usikusumbue, maana dakika chache zinamtosha, na kumrudisha mezani kwa nguvu humfanya auchukie mchezo wenyewe. Kaka yake aendelee na vipande vyake 48, ila mahali ambapo mdogo wake hafikii.